Pini Isitoke Yote: Kuunga Cheni ya Baiskeli Iliyokatikia Njiani

Cheni haikatiki ukiwa unateremka. Inasubiri mlima. Inasubiri usimame juu ya pedali, mzigo uko nyuma, uzito wote umeushushia mguu wa kulia, ndipo inalia "ta!" mara moja. Pedali inakwenda chini bila kushika kitu, mguu unaifuata, na bomba la baiskeli linakupokea mahali ambapo mwanamume hapendi kupokelewa. Ukigeuka, cheni imelala barabarani kama nyoka aliyekanyagwa na lori.

Mimi ni mtu wa maziwa. Nayakusanya alfajiri kwa wafugaji wa upande wa Isongole, huku kwetu Rungwe, mkoani Mbeya, napandisha nayo hadi Isyonje, kisha nashuka Uyole na madumu mawili ya lita 20 kwenye keria. Nina baiskeli mbili. Ya kazi ni Phoenix, nzito, haina gia, haina maringo. Ya pili ni mtumba wa Japani wenye gia, hiyo ni ya Jumapili, ya kwenda ukweni, na ya kupanda na vijana kuelekea Kitulo miezi ya maua. Zote mbili zimenikatikia cheni, na njia ya kuziunga inakaribia kufanana. Nitaeleza zote, maana najua wengine mnatumia ya kazi na wengine ya starehe.

Kwanza niwaambie nilivyoharibu.

Ilikuwa mwezi wa tatu, mvua ya Rungwe ile isiyoomba ruhusa, na cheni ya Phoenix ikakatika nikiwa sijafika Isyonje, kulia shamba la viazi, kushoto shamba la pareto. Sikuwa na kifaa chochote ila msumari na akili ya ujana. Nikaweka cheni juu ya jiwe, nikaweka msumari juu ya pini, kile kijiti cha chuma kinachoshikanisha pingili, nikagonga kwa jiwe jingine. Pini ikatoka! Nikafurahi kama mtu aliyeng'oa jino. Pini yenyewe iliruka ikaingia kwenye tope, nikaitafuta, nikaipata, nikaifuta kwenye suruali. Kisha nikaanza kuirudisha.

Jaribu siku moja uone. Pini ile ni ndogo kuliko punje ya mahindi, tundu la kibati cha pingili ni dogo kuliko pini kwa unywele mmoja tu, vidole vimelowa, na kila ukigonga pini inalala upande. Bibi mmoja akapita na mzigo wa kuni, akanisalimu "Ugonile", nikaitika bila kuinua kichwa. Akasimama, akatazama, akasema "Pole, baba", akaenda zake. Baadaye akarudi bila kuni na kunikuta nimekaa vilevile. Siku hiyo nilisukuma baiskeli, na nilipofika Uyole mama wa mgahawa alikuwa ameshanunua maziwa kwa mtu mwingine.

Jioni nikaipeleka kwa mzee mmoja fundi pale Mwanjelwa. Nikamwamkia shikamoo, nikamweleza. Hata hakucheka. Akachukua cheni, akaweka kifaa chake, akazungusha mkono taratibu, akasimama kabla pini haijatoka, akanionyesha: pini ilikuwa bado imeng'ang'ania kibati cha upande wa pili, imechomoza kama kidole.

"Pini haitolewi, mwanangu," akasema. "Inarudishwa nyuma kidogo, kama mtu anayempisha mgeni mlangoni. Mgeni akiingia, mlango unafungwa."

Haya mengine yote ninayoandika ni maelezo ya maneno hayo.

Ijue cheni yako kabla haijakatika

Ishike mkononi uitazame kwa karibu. Ni pingili mbilimbili zinazopokezana. Pingili ya ndani ni nyembamba, ina vibati viwili na vigurudumu viwili katikati, vile ambavyo mafundi wanaviita rola. Pingili ya nje ni pana, ina vibati viwili vinavyoikumbatia ya ndani kwa nje. Pini inapita humo mote, lakini haikazi mote: kwenye pingili ya ndani inacheza kwa uhuru ili cheni ikunjike, na kwenye vibati vya nje imebanwa kwa nguvu. Kwa hiyo kinachoshikilia cheni nzima isiachie ni ule mbano wa pini na kibati cha nje, ambacho unene wake ni kama milimita 1. Ukilegeza mbano huo ovyo, umejitengenezea mahali pa kukatikia wiki ijayo. Cheni nyingi nilizoona zimekatika, zilikatikia palepale zilipowahi kuungwa na mtu mwenye haraka.

Kutoka pini moja hadi nyingine ni nusu inchi, kwenye Phoenix na kwenye baiskeli ya gia pia. Rola hizo alizibuni Hans Renold, Mswisi aliyefanyia kazi Manchester, mwaka 1880, na mpaka leo hakuna aliyepata kitu bora zaidi cha kuweka kati ya cheni na jino. Kinachotofautiana ni upana. Cheni ya Phoenix nafasi yake ya ndani ni 1/8 ya inchi; ya baiskeli za gia za kawaida ni 3/32, nyembamba kidogo. Ndiyo maana kipande cha cheni ya Phoenix hakiungi cheni ya gia, hata ukikibembeleza.

Vya kubeba

Mfuko wangu wa chini ya kiti una kopo la kahawa, na ndani ya kopo mna kitoa pini kidogo cha chuma, plaizi ndogo, loki mbili, kipande cha cheni ya zamani chenye pingili nne, spoku iliyovunjika niliyoikunja ncha zote mbili, na kitambaa cha fulana. Kitoa pini ndicho kitu cha kununua hata kama hununui kingine. Kinauzwa kwenye maduka ya vipuri vya baiskeli, ni kama kibano chenye mkono wa kuzungusha na sindano nene katikati.

Loki ni ile pingili ya nje inayofunguka bila kutoa pini. Ya Phoenix ina vibati viwili na klipu inayoteleza. Ya cheni ya gia ni vipande viwili vinavyoingiliana na kujifunga vikivutwa. Hizi za gia angalia namba, yaani idadi ya gia za nyuma: loki ya gia 6, 7 na 8 ni moja, lakini ya gia 9 ni nyingine, ya 10 ni nyingine. Nilishawahi kumuona kijana amebeba loki mwaka mzima, siku ya haja ikagoma kuingia kwa sababu ilikuwa ya gia 10 na cheni yake ni ya 8. Funga loki yako kwenye cheni yako nyumbani uone inakaa, kisha itoe uiweke mfukoni.

Sasa imekatika

Toa baiskeli barabarani, hasa kama ni lami ya Tukuyu, malori ya mizigo hayana muda na wewe. Rudi nyuma kwa miguu hatua ishirini au thelathini ukitazama chini, kwa maana kibati au rola inaweza kuwa imeanguka, na cheni yenyewe mara nyingine huachwa nyuma nzima bila wewe kujua. Kisha kagua. Kwenye baiskeli ya gia angalia ule mkono wa gia unaoning'inia nyuma: cheni ikikatika inaweza kuuvuta ukaingia kwenye spoku. Kama umepinda kidogo, unyooshe kwa mkono taratibu. Kama umevunjika, hiyo ni habari nyingine, nitaigusa baadaye.

Mara nyingi utakuta pingili moja ya nje imefunguka: kibati cha upande mmoja kimechomoka kwenye pini, kimepinda kama kifuniko cha kopo la maziwa. Usijaribu kukigonga kirudi. Kibati kilichokwisha kupanuka tundu hakishiki tena. Pingili hiyo imekufa, ni ya kutolewa.

Hapo una njia mbili.

Kama una loki, kazi ni dakika tano. Toa pingili ya nje iliyoharibika, na pini zake zote mbili uzisukume nje kabisa, hizo hazina kazi tena. Utabaki na ncha mbili, zote za pingili za ndani. Pitisha cheni mahali pake, ingiza nusu moja ya loki upande mmoja na nusu nyingine upande wa pili, zikutanishe, vuta. Kwa loki ya gia, izungushe hadi ifike juu, kati ya gia ya mbele na ya nyuma, bana breki ya nyuma na ukanyage pedali kwa nguvu. Utasikia "tik". Imejifunga. Urefu wa cheni haujabadilika, endelea na safari.

Kwa loki ya Phoenix kuna kosa moja tu la kukosea, na watu wanalikosea kila siku. Ile klipu ina upande uliozibwa na upande wenye uwazi. Ikiwa juu ya cheni, upande uliozibwa utazame mbele, baiskeli inakokwenda. Fikiria samaki: kichwa kinatangulia, mkia unafuata. Ukiigeuza, jiwe au nyasi ngumu ikiigusa kwenye uwazi inaisukuma itoke, na wewe hutajua mpaka mlima unaofuata.

Kama huna loki, ndipo maneno ya mzee yanaanza kazi.

Ukitoa pingili ya nje iliyoharibika peke yake, unabaki na ndani kwa ndani, na ndani haiungi na ndani. Lazima utoe na pingili moja ya ndani iliyo jirani yake, ili ncha moja iwe ya ndani na nyingine iwe ya nje. Kwa hiyo unatoa pingili mbili, inchi moja ya cheni. Kaa chini, hesabu kwa kidole kabla ya kushika kifaa. Nimeona mtu mzima mwenye familia akitoa pini isiyo yake.

Pini ya pingili iliyokufa isukume nje yote. Pini ya pili, ile inayoishikilia pingili ya ndani unayotaka kuiondoa, ndiyo hii sasa. Weka cheni kwenye kifaa, kwenye kitako kilicho mbali na mkono wa kuzungusha. Hakikisha sindano ya kifaa imelenga katikati ya pini hasa, siyo pembeni. Ikilenga pembeni inatoboa kibati au inapinda yenyewe. Zungusha. Mwanzo itakuwa ngumu, kisha "krik", pini imeanza kutembea. Hapo punguza haraka yako yote. Kwangu mimi, kwa kifaa changu, ni mizunguko mitano na nusu. Kifaa chako usiniamini mimi, chukua cheni ya zamani nyumbani ujaribu mpaka ujue idadi yako, uikariri kama namba ya simu ya mkeo.

Unachotaka ni hiki: pini imechomoza nje upande mmoja, imetoka kwenye pingili ya ndani, lakini bado imebanwa kwenye kibati cha nje cha upande wa mwisho. Ukichungulia ndani ya kibati hicho, uone kichwa cha pini kimebaki ndani kidogo sana, kama chunusi. Kisha pindisha cheni kwa ubavu, pingili ya ndani inaachia yenyewe. Kama haiachii, ongeza robo mzunguko. Robo.

Kuipitisha na kuifunga

Pini iliyochomoza itazame upande wako, nje, si upande wa spoku. Utaisukuma kutoka huko.

Kwa baiskeli ya gia, kupitisha cheni kwenye vile vigurudumu viwili vya mkono wa nyuma kunachanganya. Cheni ikitoka kwenye gia ya nyuma inapita mbele ya kigurudumu cha juu, inazunguka nyuma ya kile cha chini, ndipo inakwenda kwenye gia ya mbele. Kati ya vigurudumu hivyo kuna kijipande kidogo cha bati. Cheni ipite upande wa ndani ya kijipande hicho, isipande juu yake. Ukikosea utaendesha tu, lakini utasikia "kra kra kra" kila mzunguko, na utalazimika kufungua tena kazi yote. Mimi nimeshafungua mara mbili siku moja. Kama una mwenzako mwenye baiskeli kama yako, tazama yake kwanza.

Sasa cheni inakuvuta, haitaki kukutana. Usishindane nayo kwa vidole. Weka gia ndogo kabisa nyuma, na mbele ishushe cheni kabisa kutoka kwenye meno, ilale kwenye bomba la ekseli. Italegea. Chukua ile spoku iliyokunjwa, ndoano moja ingize kwenye cheni upande huu, nyingine upande ule, pingili kama mbili kutoka kila ncha. Sasa ncha zako zimetulia katikati, hazivuti wala hazikimbii, na mikono yako yote miwili iko huru.

Hapa nakumbuka Julai moja, njia ya Kikondo, mpwa wangu alibadilisha gia huku amekanyaga mlimani kwa nguvu zote, nami nilishamwambia mara mia. Ikakatika. Asubuhi ile kulikuwa na baridi ya huko juu, ile inayoacha barafu kwenye majani, na vidole vyake havikuwa vinahisi pini. Akaishikashika akaniambia, "Mjomba, sijui kama imeingia au haijaingia." Tulisimama tukaweka mikono kwapani mpaka ikarudi. Mimi siku za maziwa sina shida hiyo: maziwa ya asubuhi yanatoka kwa ng'ombe na joto lake, nakumbatia dumu dakika mbili, vidole vinafunguka. Msidharau jambo hili. Kazi ya pini ni ya vidole vinavyohisi. Kama huvihisi, ngoja.

Ingiza ncha ya ndani katikati ya vibati vya ncha ya nje. Ile chunusi ya pini iliyobaki ndani itaingia kwenye tundu la rola na kukaa yenyewe, utaihisi inadumbukia. Hiyo ndiyo faida ya kutotoa pini yote: mgeni ameshaingia mlangoni, hakuna cha kulenga. Weka kifaa, sindano juu ya pini, zungusha. Itapita pingili ya ndani kwa ulaini, kisha itakutana na kibati cha pili na kuwa ngumu tena. Hapo simama, tazama kwa ubavu: pini imelenga tundu? Endelea. Acha pale inapochomoza sawasawa pande zote mbili. Linganisha na pini jirani zake kwa kupitisha ukucha juu yake. Ukucha unajua kuliko jicho.

Pingili hiyo mpya itakuwa ngumu, haikunjiki. Usiende nayo hivyo, itaruka meno kila ikipita. Ishike kwa mikono miwili, vidole gumba vikiwa karibu na pini, pindisha cheni kwa ubavu kulia, kushoto, kulia, kidogo kidogo. Vibati vinajitenga kwa unywele na pingili inalegea. Izungushe pedali nyuma kwa mkono, tazama ikipita. Kisha endesha mita chache pasipo mlima.

Kama una msumari tu

Inawezekana, nimefanya mara tatu baada ya yule mzee kunifundisha. Unahitaji msumari wa inchi 2, siyo wa inchi 3. Wa inchi 3 ni mnene kuliko tundu, utaingia na kukwama humo na sasa una matatizo mawili. Ncha yake isagwe kwenye jiwe mpaka iwe bapa. Unahitaji nati ndogo, ya madigadi inafaa: iweke juu ya jiwe bapa, pini ya cheni ikae juu ya tundu la nati, ili inaposhuka iwe na pa kushukia. Mwenzako ashike cheni kwa plaizi. Gonga kidogo, tazama, gonga kidogo, tazama. Pini ikizama kwenye nati kiasi cha kibati kimoja na ile pingili ya ndani, acha. Kurudisha ni kugeuza tu upande na kugonga pini iliyochomoza. Si kazi safi, inakufikisha nyumbani.

Kuhusu waya wa kufungia: watu watakwambia upitishe waya badala ya pini. Nimejaribu. Ulidumu mpaka kilima cha kwanza kidogo, ukakatwa kama uzi. Tambarare labda, mlimani usijisumbue.

Baada ya kuunga

Cheni ya gia uliyoipunguza inchi moja haiwezi tena kwenda gia kubwa ya mbele pamoja na gia kubwa ya nyuma. Ukijisahau ukaziweka zote mbili, cheni inakaza mpaka inang'oa mkono wa gia. Panda na gia ndogo ya mbele, basi. Na kama mkono wenyewe ndio uliovunjika, utoe, chagua gia moja ya katikati nyuma, punguza cheni iwe fupi ya kuzunguka gia hiyo na ya mbele tu bila kupita kwenye mkono. Umepata Phoenix ya muda.

Kwa Phoenix halisi, inchi moja iliyotoka ina maana tairi la nyuma lisogee mbele nusu inchi. Legeza nati mbili za ekseli, sogeza, hakikisha tairi liko katikati ya fremu, kaza. Cheni ukiiinua kwa kidole katikati icheze sentimita 1 mpaka 2. Halafu, na hili wengi wanasahau, tazama raba za breki za nyuma kama bado zinagusa rimu mahali pake, kwa sababu tairi limesogea na breki hazikusogea nalo. Kutoka Isyonje kushuka Uyole na kilo arobaini nyuma, hilo ni swali la kuuliza ukiwa umesimama.

Ikishindikana kabisa, toa cheni yote uiweke mfukoni. Usiiache ikining'inia, itaingia kwenye spoku. Breki za mkono hazitegemei cheni. Sukuma milimani, kaa juu mteremkoni. Mimi nikishindwa, madumu nayapandisha kwenye daladala kwa kondakta ninayemfahamu, nabaki na baiskeli tupu.

Na ujue cheni iliyoungwa njiani kwa pini yake ya zamani ni ya kukufikisha tu. Hasa hizi nyembamba za gia nyingi: tundu limeshapanuliwa mara moja. Shimano wenyewe kwa cheni zao wanataka pini mpya maalumu, ya zamani isirudishwe. Ukifika, weka loki mahali hapo au ununue cheni nyingine.

Kujua inakaribia kukatika

Chukua rula ya shule ya mtoto, ile yenye inchi 12 upande mmoja. Weka sifuri katikati ya pini moja, hesabu pingili 24. Cheni mpya, pini ya mwisho inaangukia 12 barabara. Ikipita kwa 1/16 ya inchi, cheni imechakaa, nunua. Ikipita kwa 1/8, umechelewa, imeshakula na meno ya gia, na cheni mpya itaruka juu yake. Sisi wa huku tunawahi kufika hapo: udongo wetu wa volkano, kiangazi ni vumbi la majivu, masika ni tope lenye chenga, na vyote viwili ni msasa.

Oili chafu ya gari niliitumia miaka. Inalainisha, sikatai, lakini inakusanya hilo vumbi mpaka cheni inakuwa nyeusi kama sufuria ya ugali wa msibani. Mafuta ya kupikia yanaganda na kunata. Siku hizi nasafisha kwa mafuta ya taa na mswaki wa zamani, nakausha, natia mafuta ya cherehani tone moja kwenye kila rola, nangoja kidogo, kisha nafuta yote ya nje kwa kitambaa. Mafuta ya nje hayafanyi kazi yoyote ila kuita vumbi.

Ukinunua cheni mpya ikawa ndefu, fundi atakata kipande akitupe kando. Kiokote, ni chako, ndizo pingili zako za akiba. Za kwangu nimewaambia ziko kwenye kopo la kahawa chini ya kiti. Ukikwama kati ya Isongole na Uyole saa moja asubuhi na ukaniona nakuja, nipigie mluzi mapema, maana na madumu mawili nyuma siwezi kusimama ghafla.